Mzigo na Safari Yake: Elimu ya Ugavi na Usafirishaji

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya matangazo kuanza, andika ubaoni maneno haya matatu: UGAVI, GHALA, USAFIRISHAJI. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayaandike katika madaftari yao. Mwisho wa somo yako maswali ya mazungumzo. Wape nafasi wote waseme, hata wale walio wanyamavu.

Ndugu wasikilizaji, wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, hamjambo? Na ninyi mlioketi darasani Mkonze, hapa Dodoma, mbukwenyi!

Leo nina barua mkononi. Imetoka kwenu huko Mkonze. Mwandishi wake ni mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Herufi zake ni kubwa, na mistari yapanda na kushuka kidogo, lakini maneno yake ni wazi kabisa. Ameomba nisimtaje jina, nami nitatii. Nawasomea:

“Mwalimu, salamu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita. Amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma ugavi na usafirishaji. Nikilipa, itanibidi niuze ng’ombe wawili kati ya watano. Shemeji zangu wananicheka. Wasema, utauza ng’ombe ili mtoto akajifunze kupakia magunia? Kupakia magunia hata mimi najua, wala sikuingia chuo. Mwalimu, elimu hii ni kitu gani? Nijibu kabla siku ya kulipa haijapita.”

Mzee wangu, nimeipata barua yako, na somo la leo ni lako. Lakini ni la wengine pia, maana kila mmoja wetu hula, huvaa na huugua, na vitu vyote hivyo hutoka mahali pengine. Basi tusikilizane.

MAANA YA MANENO

Tutazame maneno yaliyo ubaoni. Neno la kwanza ni UGAVI. Latokana na kugawa. Ugavi ni kazi ya kupata vitu vinavyotakiwa, kuvitunza, na kuvigawa kwa wanaovihitaji. Neno la pili ni GHALA, yaani nyumba ya kuwekea mali. Neno la tatu ni USAFIRISHAJI. Hiyo ni kazi ya kupeleka watu na mizigo kutoka mahali hata mahali.

Ukiyaunga maneno hayo matatu, unapata elimu moja. Elimu hiyo yauliza maswali matano: Kitu gani chatakiwa? Kiasi gani? Wapi? Lini? Na kwa gharama gani? Mtu akikosea jibu moja tu kati ya hayo matano, kazi yote huharibika.

Fikirini watu waliosimama mstari kutoka kisimani hadi penye birika la ng’ombe. Wanapokezana ndoo mkono kwa mkono. Wote wakiwa imara, ng’ombe hunywa. Mmoja akienda zake kunywa pombe, ndoo husimama, na ng’ombe hulia kwa kiu ingawa kisima kimejaa maji. Mstari huo wa watu, kutoka kwa mkulima hata kwa mlaji, wataalamu huuita mnyororo wa ugavi.

Nami nakiri kosa langu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya elimu, nilipeleka vitabu 40 katika darasa moja la mbali. Nilijisifu moyoni kwa kuwahi. Nilipofika nikakumbuka kuwa kalamu na chaki nimeziacha mjini. Akina mama walikuwa wametembea tangu asubuhi, wengine na watoto mgongoni. Wakanitazama, wakatazama vitabu, wakarudi makwao. Hakuna aliyenitukana, na jambo hilo ndilo lililoniuma zaidi. Stashahada yangu ya chuo kikuu haikunisaidia siku ile. Nilijua kufundisha, sikujua ugavi.

WAZEE WETU NA NYIKA YA MARENGA MKALI

Msidhani kuwa elimu hii ni ngeni kwetu. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Wapagazi walibeba pembe, nguo na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi kidogo.

Baada ya Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo, palikuwa na nyika isiyo na maji. Ikaitwa Marenga Mkali. Msafara haukuweza kuingia hapo ovyo ovyo. Wapagazi walipika na kula kwanza. Wakanywa maji, wakajaza vibuyu. Wakaondoka alasiri, jua likianza kupungua ukali, wakaenda hata usiku. Wakalala bila maji, wakaamka kabla ya alfajiri, wakafika kisimani jua lisijapanda. Mwendo huo waliuita tirikeza.

Oneni akili yao. Walijua wanahitaji maji kiasi gani, watayapata wapi, na lini waondoke. Wagogo nao walijua thamani ya visima na nafaka zao, wakatoza hongo kwa wapitao. Kiongozi wa msafara aliyeondoka saa mbaya aliwapoteza watu wake. Basi, hiyo ndiyo elimu ya usafirishaji, nayo iliandikwa kwa miguu.

KARANGA ZA KONGWA

Sasa nitawapa kisa cha pili. Wazee wa Kongwa na Mpwapwa wamekisikia, na yafaa vijana wakijue.

Vita Vikuu vya Pili vilikwisha mwaka 1945. Huko Uingereza mafuta ya kula yalikuwa haba. Mwaka 1946 wakubwa wa serikali yao walikata shauri kulima karanga Tanganyika, katika sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shabaha yao ilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ikaanza mwaka 1947.

Fedha walikuwa nazo. Wataalamu walikuwa nao. Jambo walilokosa ni maandalizi ya safari ya mzigo.

Kwanza, bandari ya Dar es Salaam haikuwa tayari kupokea mashine nyingi na kubwa namna ile. Mizigo ikarundikana. Pili, njia ya kupandisha mizigo bara ilikuwa reli moja tu, ile ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Kongwa yenyewe haikuwa kando ya reli. Ikabidi itengenezwe reli ndogo kutoka Msagali. Tatu, mto Kinyasungwe ulifurika, maji yakaharibu reli, na vitu vikakwama. Nne, matrekta mengi yalikuwa yamekwisha kutumika kwingine, mengine yakitoka Visiwa vya Filipino. Yalipoharibika, vipuri havikuwapo karibu. Tena maji ya kunywa yalikuwa ya shida, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali.

Walitaraji kulima ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Mwanzoni mwa mwaka 1951 kazi ilivunjwa. Hasara ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Ardhi ya Kongwa ikawa ya kufugia ng’ombe.

Mzee wangu, waambie shemeji zako: matrekta ya Kongwa yalikuwa na watu wengi wa kuyapakia na kuyapakua. Waliokosekana ni watu wa kuuliza yale maswali matano kabla meli ya kwanza haijang’oa nanga.

ZABIBU, MAHINDI NA DAWA

Tuje sasa nyumbani, katika mambo ya siku hizi.

Wazee walisema, akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha na kwa mtama uliokaushwa vizuri. Lakini zabibu huoza! Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zikiiva, zote huiva pamoja. Ikiwa kiwanda kimejaa, ikiwa gari halikufika, ikiwa hakuna chumba cha baridi, mkulima huona jasho lake likigeuka siki shambani. Huyo mkulima hana kosa la kulima. Mnyororo umekatika mbele yake. Mtaalamu wa ugavi kazi yake ni kujua mapema matenga mangapi yatavunwa, gari lipi litayachukua, siku ipi, na nani atayapokea. Akiona kiwanda hakitaweza kupokea yote, atatafuta wanunuzi wengine wiki kadhaa kabla ya mavuno, au atashauri sehemu ikaushwe.

Mahindi nayo yana somo lake. Wakati wa mavuno bei huanguka, na wakati wa njaa hupanda. Mkulima huuza magunia kwa bei ya chini, kisha miezi michache baadaye hununua debe kwa bei ya juu. Labda debe hilo limetoka katika gunia lake mwenyewe! Dawa ya jambo hili ni ghala bora. Ndiyo maana liko soko kubwa la nafaka pale Kibaigwa, na uko Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye maghala na vihenge vikubwa. Tena mwaka 2005 ilitungwa sheria ya stakabadhi za ghala. Kwa sheria hiyo mkulima aweza kuweka mazao katika ghala lenye leseni, akapewa hati, na mali ikabaki yake mpaka itakapouzwa.

Jambo la tatu ni dawa za hospitali. Hapa kosa haliishii mfukoni, huweza kufika kaburini. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kazi yake ni kununua, kutunza na kusambaza dawa na vifaa vya tiba, nayo ina ghala la kanda hapa Dodoma. Chukueni chanjo za watoto. Nyingi hutakiwa kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, tangu kiwandani hata kwenye mkono wa mtoto. Zikipigwa na jua nusu ya siku ndani ya gari lililoharibika njiani, zaweza kupoteza nguvu. Kwa macho chanjo itaonekana ileile. Mama atashukuru, mtoto atalia, muuguzi ataandika katika kadi. Lakini kinga haipo. Ndugu zangu, mtu anayelinda baridi ile njiani analinda uhai, ingawa hakuna mgonjwa atakayemjua jina.

HESABU YA DUKA

Sasa chukueni kalamu. Tutafanya hesabu moja ambayo wanafunzi wa chuo kikuu huifanya, nanyi mtaiweza.

Mama mmoja ana duka. Kila siku huuza sukari kilo 4. Akiagiza sukari mjini, humfikia baada ya siku 3. Je, aagize sukari mpya akiwa amebakiwa na kilo ngapi?

Katika siku 3 za kungoja atauza 4 mara 3, yaani kilo 12. Lakini gari laweza kuchelewa. Basi aweke akiba ya siku 2: 4 mara 2, ni kilo 8. Jumlisha 12 na 8. Ni kilo 20. Kwa hiyo, mara aonapo sukari imebaki kilo 20, aagize siku ileile. Akingoja mpaka zibaki kilo 12, gari likachelewa siku moja tu, rafu itakuwa tupu na wateja watakwenda duka la jirani.

Wengine watasema, “Kwa nini asinunue kilo 200 mara moja, alale usingizi?” Gawanya 200 kwa 4. Sukari hiyo itakaa dukani siku 50. Fedha zake zimefungwa humo ndani siku zote hizo. Hawezi kununua unga wala sabuni. Na sisimizi hawangoji mwaliko! Kuzidisha ni hasara, na kupunguza ni hasara. Elimu ni kujua katikati.

Chuoni hesabu ni ile ile, ila badala ya duka moja kuna hospitali mia, na badala ya sukari kuna dawa za namna nyingi, kila moja na tarehe yake ya kuharibika. Hapo kichwa peke yake hakitoshi. Ndiyo maana hujifunza takwimu na kompyuta.

CHUONI WANASOMA NINI?

Vyuo vinavyofundisha elimu hii na zilizo karibu nayo viko kadhaa nchini. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1975. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianza mwaka 1965, na kina tawi hapa Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Chuo Kikuu Mzumbe kipo mkoani Morogoro. Shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka 3.

Mwanafunzi hujifunza namna ya kununua: kuitisha bei, kuzilinganisha, na kuandika mkataba usio na mianya. Hujifunza kusimamia ghala, ili kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Hujifunza njia za reli, barabara, meli na ndege, na ni ipi iliyo rahisi kwa mzigo upi. Hujifunza ushuru wa forodha, bima, uchumi na sheria. Hufunzwa pia uaminifu, maana anayenunua kwa fedha za watu hujaribiwa kila siku. Kisha hupelekwa kazini kwa muda, aone kwa macho yale aliyosoma kitabuni.

Akimaliza chuo, iko bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, iitwayo Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Bodi hiyo hutoa mitihani na kusajili wataalamu wa kazi hiyo.

Kazi zenyewe ziko bandarini, viwandani, hospitalini, katika halmashauri, katika makampuni ya malori, na katika reli. Tarehe 25 Julai 2024 treni za abiria za reli mpya zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mji wetu wakua, na mji ukikua mizigo huongezeka.

JIBU KWA MZEE WA MKONZE

Sasa mzee wangu, nakujibu.

Sitakudanganya. Siwezi kukuahidi kuwa binti akipata shahada, kazi itamngoja mlangoni. Wapo vijana wenye shahada wanaozunguka na bahasha mpaka soli zikaisha. Ng’ombe ni mali unayoiona, na elimu ya mtoto ni mali usiyoiona. Kwa hiyo hofu yako si ujinga.

Lakini yafaa ufanye mambo matatu kabla ya kuuza.

La kwanza, muulize binti mwenyewe kwa nini alichagua somo hili. Usiulize kwa ukali. Keti naye, msikilize. Kama alichagua kwa kufuata rafiki, utajua. Kama alichagua kwa kuwa aliona zabibu zikioza shambani, utajua pia.

La pili, fahamu kuwa iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Si kila aombaye hupata, na mkopo si zawadi, hulipwa. Lakini kama binti hajaomba, na dirisha la maombi li wazi, aombe upesi. Huenda ukauza ng’ombe mmoja badala ya wawili.

La tatu, fanyeni hesabu pamoja. Andikeni ada, chakula, malazi, nauli na vitabu, mwaka kwa mwaka mpaka mwaka wa tatu. Wengi huuza mali yote mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili mtoto hurudi nyumbani akiwa hana shahada, na zizi likiwa tupu. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa, kuliko maneno ya shemeji. Gawa mali yako kama msafara ulivyogawa maji ya kibuyu: yatoshe mpaka kisima kinachofuata.

Na shemeji zako wakikuuliza tena kama binti anakwenda kujifunza kupakia magunia, usigombane nao. Waulize nao swali moja: “Msimu uliopita, zabibu zilizooza zilikosa mpakiaji, au zilikosa mtu wa kujua ziende wapi na lini?” Kisha nyamaza, uwape nafasi ya kufikiri.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Juma lijalo, tukijaliwa, tutajifunza kusoma stakabadhi ya ghala, mstari kwa mstari. Mwalimu wa darasa, tafadhali angalia chaki na kalamu mapema. Mimi nimekwisha kupata funzo langu. Kwa herini.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Taja maswali matano ya elimu ya ugavi.

2. Kwa nini wapagazi waliondoka alasiri walipovuka Marenga Mkali?

3. Katika kisa cha karanga za Kongwa, ni jambo gani ungalilitengeneza kwanza: bandari, reli, vipuri au maji? Toa sababu zako.

4. Muuza duka huuza unga kilo 10 kila siku. Mzigo humfikia baada ya siku 4, naye hutaka akiba ya siku 2. Aagize akiwa amebakiwa na kilo ngapi?

5. Ungalikuwa wewe ndiye mzee wa Mkonze, ungalifanya nini? Jadilianeni, kisha andikeni barua fupi ya mistari mitano kumshauri.